"Haizami, ina kiu": uzi wa kukumbuka boti za mbao za zamani za ziwani

#1 — Ngama (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu kila boti za mbao za ziwani zinapotajwa, mazungumzo huishia kwenye mng'aro: vanishi inayoakisi mawingu, vyuma vya kromu, viti vya ngozi na bendera ndogo inayopepea kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Mng'aro huo naupenda, na sijawahi kupita karibu na boti ya namna hiyo bila kusimama. Hata hivyo, boti iliyonikaa moyoni niliikuta imejaa maji hadi chini ya viti, ikining'inia kwenye mikanda miwili ndani ya banda lake. Mwenyewe, mzee mmoja mwenye vidole vilivyosuguliwa na msasa wa miaka mingi, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kiko mdomoni, akiitazama kama anayemlinda mgonjwa usingizini. Nilipomwambia kwa hofu kwamba boti yake inazama, alijibu bila kugeuka: "Haizami. Ina kiu."

Wasioijua kazi hii hudhani mzee alikuwa akitania. Boti ya mbao ikikaa nje ya maji kwa miezi kadhaa, mbao hukauka na kusinyaa, na kati ya ubao na ubao hubaki mwanya ambao, ukiweka taa ndani usiku, mwanga hupenya nje kwa mistari. Ikirudishwa majini, mbao hunywa na kutanuka, hasa kwa upana, kwa kuwa ubao hutanuka kidogo mno kwa urefu, mpaka kingo zinakabana zenyewe bila fundi kugusa kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza boti huvuja kama pakacha, siku ya pili huvuja kama mtungi wenye ufa, na kufikia siku ya tatu pampu huanza kunyamaza kwa saa nzima. Mikanda ipo ili chombo kisizame kabla hakijashiba. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, nami naona hapa nafuu ni ya boti yenyewe.

Kitako cha boti nyingi za aina hiyo kina mbao tabaka mbili. Tabaka la ndani ni jembamba na hulazwa mshazari. Juu yake huwekwa turubai iliyoloweshwa gundi au rangi nzito. Kisha mbao za nje hulazwa kwa urefu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi na kukazwa kwa skrubu kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani, ya mwaloni. Ubavu na sitaha huwa mahogani. Kila skrubu imezamishwa ndani ya ubao na kufunikwa kwa kizibo cha mbao, na fundi mwenye heshima na kazi yake huhakikisha nyuzi za kizibo zinafuata nyuzi za ubao, ili jicho lipite juu yake bila kukwama. Pia hukichovya kwenye vanishi badala ya gundi, kwa kuwa anajua kwamba siku moja, pengine baada ya yeye mwenyewe kufa, fundi mwingine atahitaji kukitoa.

Kwa nini maziwa? Chombo cha mbao baharini kina adui wawili ambao ziwani hawapo: wadudu wanaotoboa mbao chini ya maji, na chumvi inayokula vyuma. Tena boti nyingi za maziwa ya kaskazini zilitumika miezi michache tu ya kiangazi, kisha zikalala kwenye mabanda yaliyojengwa juu ya maji, mbali na jua. Lakini maji baridi nayo yana ubaya wake ambao wengi hawaujui. Chumvi huzuia kuvu, na ndiyo maana waundaji wa zamani wa vyombo vya baharini waliwahi kumwaga chumvi kati ya mataruma. Maji ya mvua hayana kinga hiyo. Yakipenya kwenye mshono wa sitaha na kutuama kwenye pembe ya nyuma ambako hewa haipiti, ubao huoza kimyakimya huku vanishi ya juu ikiendelea kung'aa. Nimeona boti iliyopendeza kwa nje ambayo kisu kiliingia kwenye taruma lake kama kinavyoingia kwenye papai bivu. Mjue basi kwamba maji yanayotoka chini huilinda boti, na yanayotoka juu ndiyo yanayoiua.

Zilianzia wapi? Sitaandika historia nzima. Kabla ya injini za petroli kutulia, maziwa yalikuwa na mashua za makasia, za mvuke na hata za umeme. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, zaidi ya mashua 50 za umeme zilibeba wageni kwenye mifereji bila moshi wala kelele, jambo ambalo leo tunalitangaza kama uvumbuzi mpya. Huko Algonac, Michigan, Christopher Columbus Smith alikuwa ameshaanza kuunda mashua tangu mwaka 1874, na kampuni aliyoianzisha na wanawe mwaka 1922 ndiyo iliyokuja kuitwa Chris-Craft, ikaunda boti kwa mtindo wa kiwanda, moja baada ya nyingine, zikauzwa kwa familia ambazo kamwe zisingeweza kumwajiri mwundaji wa peke yao. John Hacker alichora maumbo ambayo mpaka leo watu wanayaiga. Garfield Wood, aliyetajirika kwa mtambo wa haidroliki wa kuinua bodi la tipa, alitumia utajiri huo kukimbiza boti, na mwaka 1931 akawa mtu wa kwanza kupita maili 100 kwa saa juu ya maji. Kila nikiliona tipa likimwaga kokoto namkumbuka, na nacheka peke yangu.

Boti ya yule mzee haikuwa ya mbio. Ilikuwa boti ya familia ya sehemu mbili za kukaa, injini katikati, na kwenye sitaha, upande wa kulia wa usukani, kulikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ni mahali alipokuwa akiweka kiko chake, na mara moja alikiweka kikiwa bado cha moto. Aliipaka vanishi juu yake kila mwaka kwa uangalifu uleule aliozipa mbao nyingine. Hakuwahi kuiondoa.

Karibuni mtueleze za kwenu. Naomba tukumbuke boti zilizotumika, na yale ziliyotufundisha.

#2 — Mkuku Mrefu

Mzee Ngama, shikamoo, na ahsante kwa uzi huu.

Naomba niongezee boti ambayo haina mng'aro hata kidogo, na ambayo naamini ndiyo yenye akili kuliko zote zilizowahi kuundwa kwa ajili ya ziwa. Katika maziwa ya Muskoka huko Ontario, Kanada, miamba imejificha chini kidogo tu ya uso wa maji, na rafadha ya kawaida, yaani panga linalozunguka majini kusukuma chombo, haikuwa na maisha marefu. Katika kijiji cha Port Carling, katikati ya miaka ya 1910, ikaanzishwa kampuni ya mashua ndogo ambayo rafadha yake hufichwa. Mhimili wa rafadha una kiungo katikati, na juu ya rafadha, ndani ya mashua, kuna sanduku la chuma. Nahodha akivuta wenzo, rafadha hupanda na kuingia sandukuni. Utamu uko hapa: asipouvuta, na mwamba ukaja bila taarifa, chuma kilichotangulia mbele ya rafadha hugonga mwamba kwanza na kuisukuma rafadha juu yenyewe. Mashua inapita, rafadha inashuka, safari inaendelea. Watu waliipa jina la utani la Dippy.

Nilipata bahati ya kupanda moja. Mbao zake zimepandiana kama vigae, injini ni ya silinda moja, na mlio wake si ngurumo bali ni kikohozi cha mpangilio ambacho baada ya dakika kumi unakizoea kiasi kwamba kikikosea pigo moja unageuka kutazama. Kasi yake haimtishi bata. Tulipofika ufukweni, mwenyewe aliinua rafadha, akazima injini na kuiacha mashua ipande mchangani kama ngalawa, tukashuka bila kulowa. Nimepanda boti za kifahari baada ya hapo, na sikumbuki hata moja kwa undani kama ninavyoikumbuka ile.

Eneo hilohilo lilikuwa na waundaji wakubwa, akina Ditchburn, Minett na Greavette, na kazi zao zinastahili sifa zote zinazopewa. Ila mtu akiniuliza ni boti gani inajua ziwa lake, nitamtajia hii ndogo.

#3 — Kalafati

Salamu wakuu. Mimi ni mgeni katika mambo haya, naomba mwongozo.

Nimenunua boti ya miaka ya 1950 ya futi 17, mahogani, injini inazunguka. Nimeipeleka kwa karakana moja, ambayo sitaitaja, nikapewa mapendekezo mawili. La kwanza ni kubomoa kitako chote na kujenga kipya kwa gundi ya kisasa inayobaki laini kama mpira, ili boti isinywe maji tena na niweze kuishusha asubuhi na kuitoa jioni. La pili ni kuvua vanishi yote, kusawazisha sitaha kwa mashine, kubadilisha mbao zenye makovu na kupaka upya tabaka 15. Wameniambia nikifanya yote mawili itakuwa "kama mpya".

Baada ya kusoma mchango wa Mzee Ngama usiku wa jana sikulala vizuri. Boti isiyo na kiu bado ni boti ileile?

#4 — Ngama

Ndugu Kalafati, pole kwa kukosa usingizi, ingawa nafurahi kuwa sababu ni njema.

Nianze na kitako, na huenda nikakushangaza: karakana yako haijakosea. Skrubu za wakati ule nyingi zilikuwa za shaba iliyochanganywa na zinki. Maji yanapokaa nazo miaka mingi, zinki huondoka na kubaki shaba yenye rangi ya waridi, laini kama chokaa, inayokatika ukiishika kwa koleo. Boti ya umri huo ambayo kitako chake hakijawahi kuguswa inashikiliwa na mazoea zaidi kuliko skrubu. Fungua mbao mbili tatu, toa skrubu kadhaa uzitazame. Zikiwa za waridi, usiipeleke ziwani hata kama umependa kiu yake. Kitako kipya chenye gundi ya kisasa na skrubu za bronzi kitakupa amani, na kwa mtu ambaye hana banda la majini, anayevuta boti kwa trela, kitako kinachokunywa maji ni tabu tupu: kila wikendi unasubiri siku tatu ishibe, na likizo imekwisha.

Wapo watakaobisha, na najua mmoja wao atafika humu kabla ya jua kuzama. Wanasema mbao zilizogandishwa haziwezi kupumua, na kwamba siku kitakapohitaji kutengenezwa tena fundi atalaani jina lako, kwa sababu gundi ile haiachii bila kupasua ubao. Hilo la pili ni kweli. Chaguo ni lako, na kila upande una boti zinazoelea vizuri.

Sasa sitaha. Hapo ndipo ninapokuomba usimame. Chama cha wapenzi wa boti za zamani na za kale cha Amerika Kaskazini, kilichoanzia Ziwa George, New York, mwaka 1975, hutenganisha boti iliyohifadhiwa na boti iliyorejeshwa upya, na ili boti ihesabiwe kuwa imehifadhiwa, angalau asilimia 60 ya mbao zake za sitaha na za ubavu juu ya maji lazima ziwe zilezile za awali. Kitako hakimo katika hesabu hiyo. Sijui waliokaa kuandika kanuni hiyo waliwaza nini, lakini mimi naisoma hivi: kitako ni viatu vya boti, huisha na hubadilishwa, ila sitaha na ubavu ndiko mikono ya watu ilikopita.

Mashine ya kusawazisha haina macho. Inaondoa kovu la kamba iliyofungwa mahali pamoja kwa miaka 30, inaondoa mbonyeo wa kisigino cha mtoto aliyekuwa akiruka majini kutoka mahali palepale kila siku, na kila ikipita inaondoa unene ambao haurudi, mpaka siku moja unakuta vizibo vya skrubu vimebaki vyembamba kama ganda la kitunguu. Kama vanishi imepasuka na maji yanaingia, ivue kwa joto na kikwaruzo, taratibu, kwa mkono. Kama imefifia tu, ipige msasa mwepesi na kuipaka tabaka mbili tatu za juu. Tabaka la kwanza kwenye ubao uliovuliwa lizimuliwe sana ili lizame, zinazofuata ziwe nzito zaidi, na kati ya kila moja na nyingine upige msasa hata kama mkono unauma. Ubao wenye kovu si ubao mbovu.

#5 — Binti Nahodha

Mzee Ngama, nakuheshimu, lakini hilo la kiko limenisisimua mwili. Kiko cha moto kwenye boti ya petroli!

Naomba niliseme waziwazi kwa ajili ya Kalafati na wageni wengine. Injini ya boti hizi imekaa ndani ya sanduku la mbao katikati ya chombo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki ukaondoka bali hushuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa humo kama maji, na ngama ya boti haina mlango wa kutokea. Cheche moja ya stata inatosha. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha injini, inama, unuse kwa pua yako mwenyewe, kisha washa feni ya ngama kwa angalau dakika nne, hasa baada ya kujaza mafuta. Boti nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikuundwa na feni hiyo. Iweke. Hakuna jaji wa maonyesho mwenye akili timamu atakayekunyima alama kwa kutaka kufika nyumbani mzima.

Nikirudi kwenye mada ya kukumbuka, nitawapa mfano wa boti iliyokumbukwa na tope. Katika Wilaya ya Maziwa ya Uingereza kuna mashua ya mvuke inayoitwa Dolly, iliyoundwa takriban mwaka 1850. Mwaka 1895 baridi kali ilipogandisha ziwa la Ullswater, ikazama, ikalala chini ya maji kwa miaka 67, mpaka wapiga mbizi walipoiopoa mwaka 1962. Maji baridi yasiyo na chumvi wala wadudu wa kutoboa, pamoja na tope lililoifunika, yalikuwa yameitunza kiasi kwamba iliweza kurudishwa majini kwa nguvu ya mvuke. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la boti kando ya ziwa la Windermere, na husemwa kuwa miongoni mwa vyombo vya kale zaidi duniani vinavyoendeshwa kwa mitambo.

Mashua za mvuke za Windermere zilikuwa na kifaa kimoja ambacho naona kinaeleza raha ya ziwa kuliko maneno yangu yote. Ni birika la shaba lenye bomba lililozungushwa ndani yake. Ukifungua valvu, mvuke wa bwela, yaani tangi la kuchemshia maji ya injini, hupita kwenye bomba hilo, na maji ya chai huchemka kwa sekunde chache. Fikirini mhandisi aliyekaa na kuchora bwela la kusukuma mashua, kisha akachora tawi dogo la bomba kwa ajili ya chai.

#6 — Msasa 80

Wazee na dada zangu, niruhusuni niharibu karamu kidogo.

Tunazikumbuka boti hizi kana kwamba zilikuwa za kila mtu. Hazikuwa. Ile boti iitwayo Thunderbird ya Ziwa Tahoe huko Marekani, futi 55 za mahogani zilizochorwa na Hacker na kuundwa mwaka 1939, ilikuwa ya tajiri mmoja, George Whittell, ambaye nyumba yake iliunganishwa na banda la boti kwa handaki lenye urefu wa futi 600. Mwenye boti aliyefuata akaitia injini mbili za ndege za kivita. Ninaitazama kwa mshangao, sikatai. Lakini tunamjua Whittell, na tunamjua Hacker, na hatumjui aliyekata vizibo vile alivyovisifu Mzee Ngama hapo juu.

Na mbao? Mahogani halisi ilikatwa kwenye misitu ya Amerika ya Kati na Kusini mpaka, mwaka 2003, mahogani yenye majani makubwa ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kiasi kikubwa cha kile ambacho viwanda vilikiita mahogani ya Ufilipino si mahogani kabisa bali ni mti wa jamii nyingine. Kila tunapopaka vanishi tunapaka juu ya msitu wa watu wengine. Nadhani hilo nalo ni sehemu ya kukumbuka.

#7 — Mkuku Mrefu

Ndugu Msasa 80, hujaharibu chochote. Ulichosema kilihitaji kusemwa. Niongeze mambo mawili tu.

Kuhusu mbao, hoja yako ndiyo inayonifanya niwe upande wa Mzee Ngama dhidi ya mashine. Ubao wa upana ule, mnyoofu, usio na fundo, wa mti uliokua kwa miaka mingi, leo haupatikani kirahisi hata kwa mwenye pesa. Anayeutupa kwa sababu ya mikwaruzo anadai msitu ukatwe mara ya pili kwa kosa lilelile.

Kuhusu mafundi, majina yao mengi yamepotea kweli, lakini kazi yao ina kumbukumbu kuliko unavyodhani. Chris-Craft waliandika kadi kwa kila boti iliyotoka kiwandani, na kadi hizo leo zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la mabaharia huko Newport News, Virginia. Ukiwa na namba ya boti iliyogongwa kwenye mbao zake, unaweza kuomba nakala ya kadi yake ukaona injini iliyowekwa, tarehe iliyosafirishwa na muuzaji aliyeipokea. Kalafati, kama boti yako ni ya kampuni hiyo, tafuta namba kabla hujaruhusu mtu yeyote apige msasa ndani yake. Nimesikia zaidi ya mara moja habari ya namba iliyofutwa na fundi aliyekuwa akisafisha kwa bidii.

Wala zote hazikuwa za matajiri. Boti iliyoitwa El Lagarto, yaani mjusi, iliundwa na Hacker mwaka 1922. George Reis wa Ziwa George aliinunua ikiwa imetumika, akaibadilisha kitako, ikawa inarukaruka juu ya maji kwa namna iliyowafanya watu waicheke, kisha ikashinda mbio za boti za Kombe la Dhahabu mwaka 1933, 1934 na 1935. Sawa, Reis naye hakuwa maskini. Lakini boti ilikuwa kuukuu, na iliziacha mpya nyuma.

#8 — Kalafati

Nashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nimetoa skrubu nne leo asubuhi. Tatu zimekatika mkononi, na rangi yake ni ileile ya waridi aliyoisema Mzee Ngama. Kitako kitabomolewa. Namba nimeipata, imegongwa kwenye ubao chini ya kifuniko cha injini, nami nimeipiga picha kabla ya kumwambia yeyote. Sitaha haitaguswa na mashine. Kuna kovu refu upande wa kushoto ambalo sijui lilitokana na nini, na nimeanza kulipenda.

Nina swali moja la mwisho kwa Mzee. Ile boti ya mwenye kiko iko wapi sasa?

#9 — Ngama

Ndugu Kalafati, nilijua swali hilo litakuja.

Kwanza nimjibu Binti Nahodha: mzee alikuwa akizima kiko na kukiacha kwenye ngazi ya banda kabla ya kugusa tenki. Lile kovu ni la siku moja aliyosahau. Alisema aliliacha pale limkumbushe, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kulipiga msasa.

Asubuhi ya siku ya tatu tulipofika bandani, pampu ilikuwa kimya. Mzee aliingia ndani ya boti bila viatu, akafungua ubao wa sakafu, akatia mkono kwenye ngama na kuutoa. Ulikuwa umelowa vidole tu. Alifungua kifuniko cha injini, akainama akanusa kwa muda mrefu, akaacha kifuniko wazi, akazungumza mambo mengine kabisa kuhusu upepo na mjukuu wake mpaka nikadhani amesahau, kisha akanusa tena. Ndipo akalegeza mikanda, mmoja kwanza na wa pili baadaye, na boti ikashuka kama nusu kidole, ikatulia juu ya maji yenyewe. Injini ilikataa mara mbili, ikakubali ya tatu. Hatukuenda mbio. Tulitoka bandani kwa mwendo wa kutembea, tukazunguka ghuba mara moja, na muda wote mzee alikuwa ametega sikio kuelekea kwenye sakafu.

Alipofariki, watoto wake walikuwa mbali na banda liliuzwa pamoja na kiwanja. Boti ilichukuliwa na mnunuzi kwa trela, na hakuna aliyeandika jina la mnunuzi huyo. Nilichonacho ni namba, kwa kuwa mzee alinifanya niinakili kwenye kijitabu changu siku nilipomsaidia kusafisha ngama. Nimeshaipata kadi yake. Inaniambia ilikotoka, haisemi ilikokwenda.

Kwa hiyo nawaomba. Mkiiona kwenye maonyesho, kwenye tangazo la kuuza au nyuma ya karakana boti ya sehemu mbili, injini katikati, tazameni sitaha upande wa kulia wa usukani. Kama bado haijapita mkononi mwa mtu anayetaka iwe kama mpya, kuna doa jeusi la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na juu yake vanishi nyingi.